Mtikisiko wa Mama Nzivo

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Mei, saa moja kasoro dakika tano jioni, Muthoki alipakua ugali na sukumawiki, akala matonge manne ili tumbo lisiwe tupu, kisha akakata kidonge katikati kwa kisu cha kumenyea viazi. Nusu moja aliirudisha kwenye pakiti. Nusu ya pili aliimeza saa moja kamili, redio ya jirani ikisoma vichwa vya habari. Mumewe, Mativo, alikuwa amemkazia macho kooni kama fundi anayesubiri bomba lipitishe maji.

"Imeenda?"

"Imeenda."

"Basi kula, ugali unapoa."

Waliishi Tassia, ghorofa ya nne, nyumba D4, katika ploti ya ghorofa saba yenye nyumba nane kila ghorofa, kinyozi na duka la soda chini, na tangi la maji juu ya paa. Mtoto wao Nzivo alikuwa shule ya bweni Kitui, na majirani wote walimwita Muthoki kwa jina la mwanawe, Mama Nzivo. Mativo aliendesha lori la mchanga na kokoto. Muthoki alikuwa na kazi ambayo watu hawaamini kuwa ni kazi: katika karakana moja ya vinyago upande wa Majengo, wanaume walichonga punda milia, yeye akawachora milia. Punda arobaini kwa siku, kwa brashi ya nywele tatu.

Tangu Septemba alikuwa anaogopa. Aliogopa daraja la waenda kwa miguu la barabara ya Outering. Aliogopa simu ikilia, na ikinyamaza. Aliogopa kifuniko cha sufuria. Alitafuta sababu, kwa kuwa yeye ni mtu wa utaratibu, akapata sababu ndogondogo nyingi lakini hakuna hata moja iliyotosha kwa hofu ya ukubwa ule. Kisha huzuni ikaja ikakaa karibu na hofu, zikazoeana. Punda arobaini wakawa ishirini, wakawa tisa, na mwezi wa Machi akabaki nyumbani akitazama ukuta. Mchungaji alikuja akaomba kwa bidii. Muthoki akamshukuru, akampa chai, na hofu ikarudi kabla kikombe hakijaoshwa.

Mwishowe alienda kituo cha afya. Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Ayuma, mwenye sauti ya kukwaruza na viatu vya mpira.

"Hii ni ugonjwa kama malaria," Ayuma alimwambia, "sema tu haina mbu. Nitakupa dawa. Lakini nisikudanganye, mama: mabaya yatakuja kwanza, mazuri yatachelewa. Mdomo utakauka. Tumbo litasumbua. Usingizi unaweza kupotea, mikono inaweza kutetemeka. Meza na chakula, saa moja ile ile kila siku. Usiache ghafla. Na ukiona imekuzidi, ama ukianza kufikiria kujiumiza, usingoje siku ya kliniki. Kuja."

"Hayo mabaya ni ya muda gani?"

"Nipe wiki sita."

"Wiki sita nitakupa," Muthoki alisema, na alikuwa mtu wa kutimiza.

Msimamizi wa karakana, mzee mmoja aliyeitwa Javan, alikubali kumwekea kigoda chake kwa wiki hizo sita. Baada ya hapo angempa mtu mwingine, alisema, maana punda hawawezi kwenda sokoni wakiwa uchi. Kwa hiyo hesabu ilikuwa wazi. Siku arobaini na mbili. Muthoki alichukua kalenda ya kanisa, akachora mlia mmoja wa penseli kwenye siku ya kwanza. Ulitoka umepinda.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dawa ilikaa siku mbili kwa adabu ya mgeni, na siku ya tatu, saa moja na robo jioni, ilishika jembe. Mikono ya Muthoki ilianza kutetemeka. Kikombe alichokishika kikatetemeka, kisha vikombe vilivyokuwa kabatini, kisha kabati, kisha ploti nzima, kuanzia chupa za soda dukani hadi tangi la maji juu ya paa. Ilichukua dakika tisa. Dakika ya nne, Mama Kezia wa C4, nyumba iliyo chini yao, alipanda ngazi akiwa na mwiko mkononi.

"Hodi. Mama Nzivo, ni nyinyi mnatikisa?"

"Ni mimi. Nimeanza dawa."

"Ya presha?"

"Ya hofu na huzuni."

"Ooh. Pole sana, mama. Hebu kalia hiyo mikono tuone."

Muthoki akakalia mikono yake. Ploti ikatulia. Mama Kezia akaisikiliza sakafu kwa unyayo, akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Basi ni wewe. Nilidhani ni lori. Wacha nirudi, chapati iko kwa moto."

Jioni iliyofuata Muthoki alijaribu kukalia mikono kwa dakika zote tisa, lakini mtetemo ulihamia magotini, na magoti yalitikisa vibaya zaidi, hata mlango wa B2 ukafunguka wenyewe. Akaiacha mikono itetemeke. Mama Kezia aliwaeleza wengine kwenye kundi la WhatsApp la ploti, na wapangaji wakajipanga, kama walivyojipanga miaka yote kwa siku za maji na siku za stima kupotea. Ikifika saa moja na dakika kumi vikombe vilishushwa sakafuni. Wenye watoto wachanga waliwalaza saa hiyo, wakasema wanalala haraka. Kinyozi wa chini alibandika karatasi kwamba hakuna kunyoa kuanzia saa moja na robo hadi saa moja na nusu, na mteja aliyechelewa alingoja na povu kichwani bila kulalamika.

Mabaya mengine yalikuwa ya Muthoki peke yake. Mdomo ulikauka hadi ulimi ukawa kama msasa. Alipiga miayo ya kuvunja taya. Shuka zilimnata kwa jasho, na asubuhi tumbo lilimpinda hata harufu ya sabuni ikamkimbiza. Mativo aliamka saa kumi na moja kabla ya kwenda kwa lori, akapika uji wa wimbi mwepesi wenye tangawizi na ndimu, akauweka karibu naye na kijiko.

"Vijiko vitano tu," alisema. "Cha sita ni cha kujivunia."

Siku nyingine alifika viwili. Siku nyingine alifika saba, akajivunia kweli. Na kila jioni alichora mlia wake kwenye kalenda.

Wiki ya pili ufa ulianza chini ya dirisha la D4. Ulishuka hadi C4, ukapita B4, ukapinda kona ya ngazi kama mtu anayejua anakokwenda. Mativo aliutazama jioni tatu mfululizo. Ya nne alichukua msumari, akausukuma ndani kwa kidole kimoja, na msumari ukazama wote. Alipouchomoa, ukuta ulimwaga unga wa kijivu kiganjani mwake, mwingi wa kujaza kikombe. Miaka kumi na minne alikuwa amebeba mchanga na saruji za watu.

"Hii si saruji," alimwambia mkewe. "Huu ni mchanga ulioambiwa ni saruji."

Alimpelekea kikombe hicho Luseno, mtunza ploti, mtu mzima mwenye huruma, funguo hamsini na sita kiunoni, na simu moja ambayo kupitia kwayo mwenye nyumba aliongea. Mwenye nyumba mwenyewe hakuna mpangaji aliyewahi kumwona.

"Nimeona, Baba Nzivo," Luseno alisema. "Ni hii maneno ya dawa."

"Dawa imetikisa, Luseno. Dawa haikujenga."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," Luseno alijibu, na kesho yake akauziba kwa chokaa na rangi ya maziwa kutoka dirisha la D4 hadi chini. Methali haikusema ufa uzibwe kwa kitu gani. Saa moja na robo jioni ufa ulipita pale pale, ukiwa na rangi mpya pembeni.

Mwenye nyumba alimtuma injinia. Alikuja na kofia ya plastiki na faili, akangoja saa ifike, akaweka glasi ya maji juu ya ngazi na kuitazama ikimwagika. Hakugusa ukuta. Alipanda D4, akamsalimia Muthoki kwa heshima, akauliza anameza kiasi gani.

"Nusu," Muthoki alisema. "Jumanne naanza kizima."

Injinia akaandika. Kwenye mstari wa chanzo cha mtikisiko aliandika: mpangaji.

Jumapili baada ya kanisa wapangaji waliitwa mkutano juu ya paa, katikati ya kamba za nguo. Pembeni kulikuwa na mawe yaliyopangwa, mifuko ya saruji, na nondo chache nyembamba, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa anaongeza ghorofa ya nane. Wengine walikalia mifuko hiyo. Mwenyekiti alikuwa Patrobas wa ghorofa ya sita, kijana wa kiwanda cha plastiki kule Industrial Area, aliyependwa na wote kwa ucheshi wake.

"Mama Nzivo, kwanza pole," Patrobas alianza. "Hakuna mtu ako na ubaya na wewe. Lakini siste, Jumatano kuna mechi. Saa moja ndio kick-off. Sasa hiyo kidonge huwezi kumeza half time?"

Watu wakacheka, na Muthoki pia akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Kisha wakaendelea. Mtu wa E7 aliomba ameze saa tano asubuhi wakati wengi wako kazini. Mama mmoja wa G1 alisema sisi huku juu ndio tunabebwa zaidi, kwa nini asipumzike siku za wikendi? Mwingine aliuliza kama hakuna dawa ya namna hiyo inayotikisa polepole. Kisha Luseno akasoma ujumbe wa mwenye nyumba kwenye simu. Ulisema mpangaji wa D4 achague: aache dawa, au atie sahihi karatasi ya kukubali kwamba mtikisiko ni wake.

Muthoki alisimama. Mikono ilikuwa imetulia kwa kuwa ilikuwa mchana, lakini alihisi kitu kikipanda kutoka tumboni, akadhani ni hofu, akakiangalia vizuri akakuta ni hasira. Ilikuwa hasira yake ya kwanza tangu Septemba, na aliipenda.

"Sikieni," alisema. "Dawa inamezwa saa moja, na chakula, kila siku. Si half time, si kuruka wikendi. Nimeambiwa wiki sita, nimemaliza mbili, na hizo nne nitazimaliza hata kama tutakuwa tunakunywa chai kwa chupa za watoto. Mimi nilikuwa naogopa kifuniko cha sufuria. Mnajua hiyo ni nini? Sirudi huko. Kama ni karatasi, leteni."

Hakuna aliyebisha. Wengine walipiga makofi. Lakini Mativo alimvuta kando, nyuma ya shuka zilizoanikwa.

"Usitie sahihi."

"Ni ukweli. Ni mikono yangu. Mama Kezia alinipima."

"Mikono ni yako, Muthoki. Ukuta si wako."

"Mimi nililelewa kukubali kitu changu," alisema, na akaenda akaketi juu ya mfuko wa saruji mpaka saa moja na robo, kwa sababu Luseno alitaka sahihi iandikwe mkono ukitetemeka. Mativo alimletea chakula chake kwa sufuria ndogo, naye Muthoki akamezea dawa pale pale. Sahihi ilipanda na kushuka kama barabara ya Machakos. Kila mtu aliyeiona alikubali kwamba huo ni ushahidi.

Kidonge kizima kilifanya dakika tisa ziwe ishirini. Maji ya tangi yalimwagikia nguo. Ufa wa pili ulizaliwa upande wa ngazi, na Luseno akaupaka rangi pia. Jumatano ya wiki ya nne, Muthoki alisimama jikoni na kidonge kiganjani, na alikuwa amechoka. Alikuwa hajalala masiku matatu. Hofu ilikuwa palepale, na sasa ilikuwa na jasho, miayo na karatasi yenye sahihi. Alikigeuza kiganja juu ya sinki, lakini kidonge kilinata kwenye jasho hakikuanguka.

"Mativo," aliita. "Nataka kuacha."

Mativo hakumhubiria. Alikuja akasimama mlangoni na vumbi la mchanga nywele zote.

"Zimebaki ngapi?"

"Nikimeza hii, kumi na tisa."

"Hizo si nyingi. Jana nimepeleka trip sita Mlolongo, na kila moja niliona ni ya mwisho."

"Na zisipotosha?"

"Tutarudi kwa daktari tumwambie hazikutosha. Lakini kwanza tuzimalize, tumwambie tukiwa na haki."

Akameza. Ploti ikatikisika dakika ishirini, na wakakaa sakafuni wameshikana mikono miwili kwa miwili, ili mtetemo ugawanywe. Kesho yake alienda kwa Ayuma bila kungoja siku ya kliniki. Ayuma alimsikiliza, akamwambia asogeze kikombe cha chai ya jioni kiwe cha asubuhi, akampa siku ya kurudi, akamwambia amefanya vizuri kuja. Kuhusu ploti, Ayuma aliuliza ina ghorofa ngapi, akaandika.

Wiki ya tano, siku moja Muthoki alikuwa anaosha vyombo na kitu kikawa kimekosekana. Alisimama na sponji mkononi akitafuta ni nini. Alihesabu sahani, akahesabu vijiko. Kisha akajua: hofu haikuwa imeamka naye. Aliisubiri hadi saa nne, akiwa na wasiwasi wa mtu ambaye mgeni wake wa muda mrefu ametoka bila kuaga, na haikuja. Akamaliza vyombo. Usiku huo alilala kwa muda wa saa saba bila kugeuka. Mtikisiko wa jioni ukarudi kuwa dakika tisa, kisha nne, kisha moja, na watu wakaanza kusahau kushusha vikombe. Ijumaa alivuka daraja la Outering mara mbili, ya pili kwa raha tu, na katikati akasimama kutazama magari yakipita chini yake.

Jumatatu ya siku ya arobaini na mbili alifika karakana. Javan alitoa kigoda kutoka nyuma ya kabati, akakipangusa kwa koti lake, akampa punda mmoja wa mjakaranda asiye na kitu mwilini.

"Tuone," alisema Javan.

Muthoki alichovya brashi. Mlia wa kwanza ulianza shingoni, ukashuka begani mnene, ukanyooka, ukaisha mwembamba tumboni pale unapotakiwa kuisha. Wa pili ukaufuata. Alichora kumi na moja upande mmoja bila kupumua vizuri. Kisha akaweka brashi chini akalia, mbele ya wachongaji wote, kwa furaha isiyo na aibu. Javan alimpa kitambaa cha rangi, kwa hiyo akarudi nyumbani na mlia mweusi shavuni.

Jioni hiyo alipika wali na nyama. Saa moja kamili alimeza kidonge, kwa kuwa Ayuma alikuwa amesema wiki sita ni za kuona mwanga, si za kutupa taa; angeendelea kwa miezi. Kisha yeye na Mativo wakakaa wakitazama mikono yake juu ya meza. Saa moja na robo mikono haikutikisika. Ilikuwa mikono ya mtu tu, yenye rangi kwenye kucha.

Ploti ilitikisika.

Safari hii ilianzia juu. Zege la ghorofa ya nane lilikuwa limemwagwa Jumamosi. Mtikisiko ulishuka kutoka huko, ghorofa kwa ghorofa, ukapita D4, ukafika kwa kinyozi, ukapanda tena. Kutoka chini Mama Kezia alipaza sauti:

"Pole, Mama Nzivo! Kaza roho!"

Muthoki alishuka ngazi na mikono yake imenyooshwa mbele, ukuta ukimwaga unga mabegani mwake. Mama Kezia aliipokea mikono hiyo, akaipindua, akaibonyeza kama anayechagua maembe mabichi.

"Imetulia kabisa," alisema. "Mungu ashukuriwe. Basi imeingia ndani."

"Mama Kezia, hii si mimi. Hii ni nyumba."

"Ndio, mama. Taratibu tu. Itaisha."

Muthoki alipanda hadi ghorofa ya saba na kuanza kugonga, mlango baada ya mlango, hamsini na mitano yote kwa jioni mbili. Kila mlango alionyesha mikono na kusema maneno yale yale: mimi nimepona, nyumba ndiyo inatikisika, tokeni. Walimkaribisha vizuri. Walimpa chai. Walimsifu kwamba amenenepa. Patrobas alimwambia, "Siste, umeng'aa, hata ile mechi nimesamehe." Hakuna aliyemwita mwongo. Waliona tu kwamba mgonjwa hupenda kusema amepona. Luseno alimsikiliza kwa muda mrefu kuliko wote, kisha akafungua faili akamwonyesha karatasi.

"Lakini mama, uliandika mwenyewe."

Muthoki alitazama sahihi yake inayopanda na kushuka. Aibu ilimchoma. Alikuwa amelelewa kukubali kitu chake, na siku ile alikuwa amekubali na cha mtu mwingine. Mativo, ambaye angeweza kusema nilikuambia, alisema wakale.

Usiku huo hofu ilirudi, na Muthoki hakuilalamikia mpaka asubuhi. Asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya Ayuma.

"Imerudi," alisema.

"Unaogopa nini?"

"Nyumba."

"Na daraja?"

"Navuka."

"Simu?"

"Naishika."

"Kifuniko cha sufuria?"

Muthoki akacheka. "Kile nimekisugua jana."

Ayuma aliweka kalamu chini. "Basi, mama, hiyo ya nyumba si ugonjwa. Hiyo sina dawa yake, na hata ningekuwa nayo singekupa. Endelea na vidonge vyako. Na uhame."

Walihama Jumamosi. Walipata chumba kimoja cha zamani Majengo, chini kabisa, chenye paa la mabati, karibu na karakana. Wapangaji wote waliokuwa nyumbani walisaidia kubeba, kwa moyo mkunjufu, na Patrobas alishusha godoro kichwani akiimba. Kila ghorofa Muthoki alisimama akawaambia nao watoke. Walijibu Amina. Mativo alipeleka lori safari mbili, na zote mbili aliacha nafasi tupu nyuma akauliza nani anakuja. Mama Kezia alisema nauli ya kuhamia kwingine haiko mwezi huu, na kwamba sasa, kwa vile mgonjwa anaenda, wataweza kupumzika. Alimkumbatia Muthoki kwa nguvu. Alikuwa anampenda, na Muthoki alimpenda, na ndiyo sababu alimwambia kwa mara nyingine atoke.

Jumatatu, saa moja kamili jioni, Muthoki alimeza kidonge katika chumba kipya. Saa moja na robo kilichosogea kilikuwa pazia, kwa sababu ya upepo. Simu ililia. Hakuna aliyekuwa amemtoa kwenye kundi la ploti.

"Mama Nzivo imetufikia mpaka huku," Patrobas aliandika. "Hiyo dawa iko na network mbaya sana."

Mama Kezia akaandika baada yake, akiuliza kwa unyenyekevu kama Jumamosi anaweza kumeza saa tatu, kuna wageni wanakuja kwa ajili ya mwanawe Kezia. Luseno akatangaza kwamba nyumba nane za juu zimekwisha kulipiwa zote hata kabla hazijaisha kujengwa, na kwamba Ijumaa nyufa zote zitapakwa rangi, watu watoe nguo kwenye kamba. Mwishoni wakaja watu ambao Muthoki hakuwajua, bwana na bibi walioingia D4 na mtoto wa miezi minne.

"Habari yako mama," waliandika. "Sisi ndio wapangaji wapya. Keateka Luseno ametueleza ugonjwa wako. Tunakuombea kila jioni ikianza. Tafadhali usikate tamaa."

Muthoki alisoma mara mbili. Hofu ilimshika, ya ukubwa wake sawasawa, na mikono haikutetemeka. Aliandika: Mikono yangu imetulia. Ni nyumba. Tokeni.

Tangu siku hiyo, kila jioni saa moja, Muthoki humeza kidonge, hunywa maji, kisha huandika neno hilo moja, Tokeni. Wale wa D4 huwa wa kwanza kumwekea alama ya mikono ya maombi, kisha wengine hufuata, na ikifika saa moja na robo huwa wameshafika thelathini.